Shangazi, mjukuu aje kumwona bibi Tukuyu?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mtoto wa marehemu dada yangu alipelekwa Marekani na baba yake mwaka 2010, akiwa na miaka 6, kwa viza ya matembezi. Hawakurudi. Mwaka huu amehitimu shahada ya uhasibu, ana miaka 22, lakini hana makaratasi na kazi hapati. Mama yetu anaumwa, hatoki kitandani, kila asubuhi anamtaja mjukuu huyu. Kaka zangu wameshachanga nauli: aje mwezi mmoja amwone bibi, kisha arudi kutafuta kazi. Wengine wanasema akitoka ndiyo basi. Ukweli ni upi?
Mama N., Tukuyu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni kwa kuuguza. Tiketi isikatwe kwanza.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 huhesabu siku ambazo mtu amepitiliza muda wake. Za utotoni hazimo. Kwa binti yenu hesabu inaanza siku aliyotimiza miaka 18. Zikizidi 180, akishatoka anafungiwa miaka 3 asirudi. Zikifika mwaka mzima, miaka 10. Yeye ana minne. Akiwa ndani kifungo hicho hakijamgusa, kinamkuta akishapanda ndege.

Mdogo wangu alikuja Mbalizi mwaka 2011 kumzika baba, na begi la nguo za siku kumi. Begi lile lilikaa juu ya kabati la mama, funguo za nyumba yake ya kule zikiwa kwenye mfuko wa pembeni, hadi mwanawe aliyemwacha na miaka 4 akawa kijana wa sekondari. Hatukuwa tumemuuliza mtu yeyote.

Huenda mnajiuliza alisomaje. Mahakama ya Juu ya kule iliamua mwaka 1982 kwamba mtoto asiye na makaratasi asinyimwe shule ya umma, na vyuo vingi huwapokea. Kazi ni habari nyingine: tangu sheria ya 1986 mwajiri lazima akague kibali. Mpango wa Obama wa 2012, DACA, uliowapa kibali cha kazi waliopelekwa huko wakiwa watoto, ulitaka mtu awe ameishi huko tangu Juni 2007. Binti alichelewa miaka mitatu, naye alikuwa mtoto wa kushikwa mkono.

Mwambieni atafute pasipoti yake ya utotoni na kikaratasi cheupe kilichobanwa ndani yake uwanja wa ndege. Kinaonyesha aliingia kwa kukaguliwa. Siku akiolewa na raia wa kule, kwa ndoa ya kweli, huenda kikamwezesha kuomba ukaazi bila kutoka nje. Akipeleke kwa wakili mwenye leseni, asikipeleke kwa mjuaji wa mtaani.

Akichagua kurudi moja kwa moja, mpokeeni kwa furaha. Bado ni Mtanzania, na shahada yake ataipeleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe. Ila achague yeye, msimchagulie kwa nauli.

Bibi anapomtaja asubuhi, kule ni usiku wa manane. Mpigieni video saa moja jioni, mkamshikie bibi simu pale kitandani.