Re: optim() inanipa jibu la mwisho tu, namba za katikati nazipataje?
Mkuu, optim() ya R (lugha ya programu za takwimu) inatafuta thamani ndogo kabisa ya fankisheni yako; ukitaka namba za kila hatua usihangaike na trace, ile control=list(trace=1) inamwaga maandishi kwenye skrini tu, ukitaka kuchora grafu unaanza kukata na kubandika kama karani. Fankisheni yako ndiyo iandike yenyewe kila inapoitwa. Kabla ya optim weka

kumb <- list()

halafu ndani ya fankisheni, ukishapata v (jibu lake kwa parameta p), kabla hujairudisha:

kumb[[length(kumb)+1]] <<- c(p, v)

Hiyo mishale ni miwili jamani, ukiweka mmoja inaandika kwenye kopi ya ndani inayokufa hapo hapo, we unabaki na listi tupu unashangaa (yalinikuta, usiku mzima). Ikiisha, do.call(rbind, kumb) inakupa jedwali safi. Na ukirudia kurun, safisha kumb kwanza.

Mi nimejaribu na Rosenbrock (fankisheni maarufu ya majaribio) kuanzia -1.2 na 1, Nelder-Mead (mbinu ambayo optim inatumia usipoichagulia) imeita fankisheni mara 195, na safu ni 195 kweli. Ila BFGS (mbinu nyingine, inayofuata gradienti, yaani mteremko wa fankisheni) bila kuipa hiyo gradienti utaona safu nyingi kuliko zile inazoripoti kwenye counts (idadi ya miito kwenye jibu la optim), usidhani ni bagi, inatafuta mteremko kwa kusogeza kila parameta 0.001 mbele na nyuma, kwa hiyo parameta mbili ni miito minne ya ziada kila gradienti, na counts haizihesabu. Utazijua tu, zinatofautiana kwenye desimali ya tatu, zichuje kabla ya kuchora.