Kabla hamjagusa mota: somo la Chaparral 2J

Wadogo zangu mnaoingia karakana mwaka huu, kabla hamjachora bawa lolote, kaeni kwanza na gari moja la mwaka 1970: Chaparral 2J, kazi ya Jim Hall na wenzake wa Midland, Texas, kwa ajili ya Can-Am, mashindano ya mbio za magari ya Marekani na Kanada. Si zuri. Ukilitazama kwa nyuma utadhani boksi la friji lililotobolewa feni mbili. Mimi nililicheka.

Enzi hizo kila mtu alihangaika na mabawa. Lakini bawa, linalokandamiza gari chini lishike lami, hutegemea mwendo: kasi ikishuka nusu, nguvu yake inabaki robo, kwa hiyo linakuacha mkono mtupu kwenye kona kali, pale pale unapolihitaji. Hall akaamua kutumia feni kufyonza hewa iliyo chini ya gari. Bandika kikombe cha plastiki mdomoni, vuta pumzi: kinang'ang'ania. Ndiyo 2J hiyo. Na hesabu yake tamu: mgandamizo wa hewa chini ukipungua kwa asilimia 1 tu, kila mita ya mraba ya gari inakandamizwa kwa uzito wa karibu kilo 100, hata likiwa limesimama.

Pembeni walilizungushia sketi za Lexan, plastiki ngumu, zilizounganishwa na sapensheni kwa nyaya ili gari likiinama au kuinuka, zenyewe zibaki karibu na lami. Hapo mtulie. Watu husifia feni, ila mimi naona ufundi wenyewe ulikuwa kwenye sketi. Tulipojaribu modeli yetu chuoni tulihangaika na mota wiki tatu nzima, tukibadilisha hiki na kile, kumbe pengo la upana wa kidole chini ya mpira wa pembeni ndilo lililokuwa likimaliza mvuto wote. Tuliligundua kwa kijiti cha udi: moshi uliingia pale kama unaitwa.

Feni za 2J zilikuwa na injini yake ya pekee, ndogo, ya silinda mbili, ya pikipiki ya theluji. Dereva Jackie Stewart aliliendesha kwenye uwanja wa Watkins Glen akaweka mzunguko wa kasi kuliko wote, kisha breki zikamtoa. Akaja dereva mwingine, Vic Elford. Uwanja wa Riverside, kwenye mizunguko ya kufuzu kabla ya mbio, alimwacha mpinzani wake Denny Hulme kwa sekunde 2.2, pengo la kutisha. Siku ya mbio injini ndogo ikafa mapema. Gari halikushinda hata mara moja.

Kwa hiyo ukiniletea wazo lenye mota ya ziada, nitakuuliza: ikizima katikati ya kona, gari linafanya nini? Jibu nalitaka kabla ya mchoro.

Na kanuni msizisome usiku wa kuamkia ukaguzi. Wapinzani walilalamika kwamba feni zinawarushia mawe na vumbi, na msimu ulipoisha SCCA, wasimamizi wa Can-Am, wakalipiga gari marufuku: feni zilihesabiwa kuwa kifaa cha upepo kinachosogea. Wengine huita wivu. Huenda, lakini tafsiri ya neno "kinachosogea" ni ya kuulizwa mapema, tena kwa maandishi.

Kesho njooni na udi na kiberiti. Mota tutaiwasha wiki ijayo.