Fidla ni mbili tu

*Swali: Natafsiri tangazo la tamasha la muziki wa Haydn, mtunzi wa Austria. Wapigaji ni wanne. Nimeandika "kundi la fidla nne". Mwenzangu anashikilia "kwateti ya nyuzi nne". Nani kapatia?*

Mwenzako kakaribia, ila naye kateleza. Fidla hapo ni mbili tu. Wa tatu anapiga viola, ambayo huwekwa begani vilevile lakini ni kubwa kidogo na sauti yake nzito zaidi. Wa nne kaibana chelo katikati ya magoti. Ukiandika "fidla nne", hao wawili umewafukuza jukwaani.

Na "nyuzi nne" je? Kila ala kati ya hizo ina nyuzi nne zake, kwa hiyo zitakazosikika ni nyuzi 16. Iondoe "nne", ubaki na "kwateti ya nyuzi". Neno kwateti, yaani wapigaji wanne au utunzi wao, limeshaibeba hiyo nne.

Kwa utunzi, neno hili halina taabu: Haydn alitunga kwateti 68, Beethoven 16. Taabu huja kwa watu. "Kwateti imewasili" au "kwateti wamewasili"? Wazungu neno ni moja kwa wapigaji na kwa kinachopigwa. Sisi hatujafungwa na hilo. Mimi huandika "wapigaji wanne wamewasili", ngeli ikatulia.

Halafu nakuomba, usiandike "watacheza kwateti". Watu watakuja kutazama miguu. Ala hupigwa, hata isiyogongwa: fidla husuguliwa kwa upinde na bado hupigwa, kama pasi, picha na simu. Muulize yeyote wa taarabu Unguja, atakwambia "mpiga fidla".

Hukuuliza, lakini najua utakutana nalo: "muziki wa chumbani", tafsiri ya neno kwa neno ya "chamber music", muziki wa wapigaji wachache kama hawa. Chumbani kwetu ni pa kulala! Muziki huu ulikuwa wa kumbi za majumba ya wakubwa. Haydn mwenyewe aliajiriwa miaka mingi na ukoo wa Esterházy, makabaila wa Hungaria. Ningesema "muziki wa sebuleni", maana sebule ndipo mgeni anapokaribishwa.

Kama watapiga zile kwateti sita za mwaka 1781, tangazo lisomeke hivi: "Muziki wa sebuleni: kwateti sita za Haydn, kwa fidla mbili, viola na chelo."