Re: Mdogo wangu ana baipola na anakunywa sana, nianze kutibu kipi?

Dada pole sana, usianze na kimoja, baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) na pombe vyote vitibiwe pamoja. Kaka yangu naye ana vyote viwili, tulimpeleka soba hausi (nyumba ya kuacha ulevi) akakaa miezi minne hanywi kabisa ila dawa za baipola hakuna aliyempa, karudi nyumbani wiki ya pili halali, saa tisa usiku anapaka rangi ukuta wa sebuleni huku anaimba, kesho yake kauza simu hela yote kanywea. Na kama mdogo wako yuko kwenye lithiamu (dawa ya baipola) daktari aambiwe ukweli kuhusu pombe, maana pombe inakausha maji mwilini, na mwili ukikaukiwa maji dawa inazidi kwenye damu inageuka sumu, kwahiyo apimwe damu mara kwa mara. Usingizi wake uuangalie sana dada, akikesha siku mbili mfululizo mpeleke hospitali, usisubiri.