Baga ya foleni pale Area C, na kwanini mimi naanza na nyama

Swali lenu la wiki hii mmeuliza kama mjini kwetu kuna kibanda cha baga kinachosifiwa, tumeshakijaribu, na baga nzuri kwa mtu ni ipi. Mi niko Dodoma, nimekijaribu, na nina mengi ya kusema kwasababu ni mtoto wa bucha, baba alikuwa na bucha Kongwa toka sijaanza shule mpaka namaliza fomu foo, nyama nimeijua kabla sijajua kusoma.

Kibanda chenyewe kiko Area C, hakina bango wala nini, watu wanasema tu "kwa yule kijana wa baga". Mdogo wangu anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ndo alinivuta, kila wikiendi ananitumia picha mpaka nikakubali. Tulifika saa moja jioni, foleni watu kama kumi na tano hivi, upepo wetu ule wa Dodoma unapiga na harufu ya vitunguu inafika mpaka barabarani. Tulisimama dakika arobaini.

Sasa wenzangu kwenye foleni walikuwa wanaangalia simu, mi naangalia nyama. Kijana ana mashine ya kusagia ya mkono ameifunga pembeni ya meza, nyama iko vipande kwenye boksi la barafu na anasaga kadri watu wanavyoagiza. Hilo peke yake lilinifanya nitulie, maana nyama ya kusaga ni kitu cha kuaminiana, ikishasagwa hujui tena ni paja, ni shingo, au ni mabaki ya jana. Hata Marekani kwenyewe hawa White Castle, wale wenye migahawa ya baga, walivyoanza mwaka 1921 kule Wichita, Kansas, watu walikuwa wanaiogopa nyama ya kusaga, ndo maana wakajenga vibanda vyeupe na kupika mbele ya mteja, watu waone kwa macho yao. Huyu wa Area C sijui kama ameshawahi kusikia habari hizo ila anafanya kilekile.

Alafu nikaona vipande vyeupe katikati ya nyama nikauliza, "Kaka, hayo mafuta ya wapi?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Nundu hiyo dada." Yaani nilifurahi kweli kweli.

Niwaeleze kwanini. Ng'ombe wetu wa asili hawa wa Kongwa, Bahi, Chamwino, wanatembea sana kutafuta malisho na maji, nyama yao ni tamu ila haina mafuta mengi. Baga kwa wenzetu kawaida inasagwa na mafuta kama asilimia 20 hivi, sasa wewe ukichukua steki tupu ya huku ukasaga hufiki popote, inatoka kavu, unatafuna mpaka taya linauma unaanza kutafuta sosi ya kukusaidia kumeza. Na watu wakiona hivyo wanaongeza mayonezi badala ya kurudi buchani! Wakati ng'ombe mwenyewe amebeba dawa mgongoni. Nundu ina mafuta yanayoyeyuka vizuri na ina ladha yake kabisa, waulize wanaoenda mnada wa Msalato Jumamosi, mi nikichelewa pale huwa naikosa.

Kitu cha pili ni chumvi, na hapa nawaomba wapishi wa mahotelini wanisikilize. Mwaka jana nimekula baga kwenye hoteli moja hapa mjini, bei juu, sahani nzuri, ila nyama ukiibana na meno inakurudisha kama soseji. Kwasababu walichanganya chumvi ndani, na mayai, na chenga za mkate, wakakanda kama unga wa chapati. Chumvi ikikaa na nyama iliyosagwa inatoa zile protini zinazonata, nyama yote inashikana, kwa soseji ndo unachotaka ila baga inatakiwa iachie mdomoni. Huyu kijana anafinyanga donge lake kwa mkono mwepesi, analiweka kwenye bamba la chuma, chumvi na pilipili manga ananyunyiza juu hapo hapo, basi.

Na lile bamba lina moto jamani. Donge likigusa tu anakandamiza na kipande cha chuma mara moja, kwa nguvu, likishakuwa jembamba haligusi tena mpaka wakati wa kugeuza. Wengi wanakandamiza kila baada ya dakika kwasababu ile chwaaa inapendeza masikioni, ila kinachotoka pale ni mafuta na maji ya nyama, yaani utamu wote unaishia kwenye moto. Ile rangi ya kahawia chini kuna Mfaransa anaitwa Louis-Camille Maillard aliielezea mwaka 1912, kwamba protini na sukari zikikutana na joto kali zinabadilika zinatoa rangi na harufu mpya, ni kitu kilekile kinachofanya mshikaki wa mkaa unukie mpaka mtaa wa pili. Ila nyama ikiwa imelowa hamna kitu, inachemka kwanza mpaka maji yaishe, na ndo maana baga ya nyama iliyotoka friza inachuruzika huwa ya kijivu.

Kuna hawa wanaosema baga nzuri iwe nyekundu kati kama steki. Hapana. Steki vijidudu vyake viko juu, moto unaviua, lakini ukisaga umevichanganya mpaka ndani, kwahiyo iive yote, wenye kipimo wanasema nyuzi 71 za Selsiasi. Ikiwa na mafuta ya kutosha haikauki hata ikiiva.

Shangazi yangu nilipomwambia naenda kula hambaga alishtuka akauliza si nguruwe hiyo, maana "ham" kwa Kiingereza ni nyama ya nguruwe? Nimekutana na swali hilo mara nyingi. Jina limetokana na Hamburg, mji wa bandari kule Ujerumani, nyama ni ya ng'ombe.

Skonzi zake laini, zina utamu kidogo, anazikata anazibandika upande wa ndani kwenye mafuta yaleyale ya nyama mpaka zinakauka kidogo zisinyonye maji. Hapo mpaka nikawa nasema huyu kijana amefundishwa na nani. Ila sasa akaharibu mwishoni, akamwaga tomato sosi, mayonezi, na kachumbari yenye maji yake, nikafika katikati skonzi imelowa inakatika mkononi. Iliniuma, kazi yote ile nzuri kuzamishwa kwenye sosi. Nikarudi kwenye foleni nikamwambia nitengenezee nyingine, weka kitunguu kibichi na pilipili tu, usiweke sosi yoyote. Akaniangalia kwa wasiwasi, "Haitakuwa kavu dada?" Haikuwa kavu. Ilikuwa baga bora niliyowahi kula, kwa elfu saba, nimesimama pembeni ya bodaboda. Kule New Haven, Marekani, kuna mgahawa wa zamani sana unaitwa Louis' Lunch, mpaka leo hawakubali kukuwekea ketchup, wanataka uonje nyama, na mi sasa nawaelewa.

Jumamosi iliyofuata baba alikuja kwa mambo yake ya hospitali, nikampeleka. Alikula nusu bila kusema kitu, akafungua skonzi, akaitazama nyama, akasema "Hii ina nundu. Na kuna kidari humu." Nundu nilikuwa naijua ila habari ya kidari sikuwa nayo, na sikutaka kuuliza mbele ya foleni.

Nikarudi Jumatatu mapema kabla watu hawajajaa nikamuuliza. Akacheka, akasema ni kweli, paja sehemu mbili, kidari sehemu moja, nundu anaongeza kwa macho akiona nyama imekuwa nyekundu sana. Anainunua asubuhi buchani Majengo na anachagua mwenyewe. Alafu akaniuliza, "Yule mzee uliyekuja naye ana bucha wapi?"