Mkopo wa chuo: huyo "mtu wa ndani" hayupo

SWALI: Shikamoo kaka. Mdogo wangu wa kike kapata chuo ila awamu ya kwanza na ya pili ya mikopo jina lake hamna. Baba alishafariki, mama anauza dagaa pale Kirumba. Form four alirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sasa jamaa wa steshenari aliyemjazia maombi anasema ana mtu wa ndani Bodi ya Mikopo, tukimpa laki tatu atamuingiza awamu ya tatu. Tumpe au tusubiri rufaa?

JIBU: Marahaba dada. Msimpe hata mia. Nimekaa dawati la mikopo chuoni miaka kadhaa na kila Oktoba naletewa hadithi hii hii, jina la mwanafunzi tu ndo linabadilika.

Kwenye swali lako umeshaniambia palipo na shida na wala hukujua. Alirudia form four. Maana yake ana namba mbili za mtihani, ile ya shule inayoanza na S na ya kujitegemea inayoanza na P. Namba aliyoombea mkopo inatakiwa ilingane na aliyoombea chuo, sasa kama chuo aliomba kwa P na jamaa wa steshenari kwenye mfumo wa mikopo kajaza S, basi kwa mfumo hao ni watu wawili, mmoja ana chuo hana maombi ya mkopo na mwingine ana maombi hana chuo. Hapo hata angekuwa yatima wa baba na mama jina lisingetoka. Anza na hilo. Halafu aangalie kama cheti cha kuzaliwa na cha kifo cha baba vilihakikiwa RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, kuwa na cheti mkononi ni jambo moja na kuhakikiwa ni jambo lingine, na kama alichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja je alithibitisha kimoja? Asipothibitisha hapangiwi mkopo.

Sasa hili la mtu wa ndani, naomba nilisemee kwa kirefu maana linaniumiza. Watu wanaamini mkopo ni kujuana, kwa hiyo mtoto asipopata wanatafuta wa kumpa hela badala ya kutafuta kosa. Kishoka, yaani dalali wa uongo kama huyo wenu, anachofanya ni kupokea laki tatu kwa watu kumi halafu anakaa kusubiri. Awamu ikitoka, wawili watatu watakuwa wamepata kwa haki yao kabisa, hao ndo watamtangaza mtaa mzima, waliokosa anawaambia mtu wake kahamishwa. Yeye hajagusa kitu!

Na baya zaidi ni anachoandika huko ndani. Kuna binti alikuja kwangu na bahasha ya plastiki, analia, akaunti yake imefunguliwa kwa imeili ya kishoka na nywila hana, tulipofanikiwa kuingia tukakuta pa baba pameandikwa marehemu. Nikapiga namba iliyowekwa ya mlezi, akapokea baba mwenyewe. Yule binti wala hakujua, ila sahihi kwenye fomu ni yake, mwenyekiti wa mtaa kagonga muhuri, wakili kagonga muhuri, na taarifa za uongo ni kosa kisheria, atakayeulizwa ni yeye sio mwenye kompyuta. Mzee alikuwa bodaboda, hali yao ilikuwa ngumu kweli, angeandika ukweli tu ungemtosha.

Wazazi mnaosoma hapa, ada ya maombi ni elfu thelathini inayolipwa kwa kontro namba, basi, hakuna hela nyingine mtu wa Bodi anatakiwa kuipokea. Steshenari mlipeni kwa kuskani na kuprinti ila mtoto akae pembeni yake, imeili yake, namba yake ya simu, nywila yake, asome kila mstari kabla haujatumwa. Kama kaya iko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ijazwe, kama kuna mfadhili alimlipia ada sekondari barua yake iwekwe, maana shule aliyosoma nayo inaangaliwa na mtoto wa maskini aliyesomeshwa shule ya ghali na msamaria anaonekana ana uwezo. Na mkopo wenyewe ni deni, akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka liishe, ile asilimia 6 ya kutunza thamani iliyokuwa inaongezwa kwenye deni kila mwaka na kuwatesa wadaiwa ilifutwa 2021 lakini deni lenyewe liko palepale. Kwa nini uanze deni hilo kwa kumlipa tapeli laki tatu?

Dada, kesho mwambie aingie mwenyewe kwenye akaunti yake ya SIPA, ile akaunti binafsi ya mwombaji kwenye mfumo wa mikopo, jamaa akigoma kutoa nywila aende dawati la mikopo la chuo alichopangiwa na vyeti halisi, vyote viwili vya form four asiache hata kimoja. Namba zikiwa hazilingani aseme hivyo hivyo bila kuficha, na dirisha la rufaa likifunguliwa aombe siku za mwanzo, asingoje siku ya mwisho mtandao unapolemewa. Hizo laki tatu zimpandishe basi na kumlisha wiki za kwanza kabla ya bumu, yaani hela ya kujikimu ya mkopo.