Miche ya chupa na mafuta ya kunukia: majibu kwa wasomaji

Nimepanda rozimari kwa mbegu. Mingine inanukia kafuri tupu, mingine haina nguvu, na mnunuzi wa mafuta amenikatalia. Miche ya maabara itanisaidia? (Lushoto)

Itakusaidia, ila kwanza uchague mche mama. Rozimari ya mbegu ni watoto wa baba mbalimbali: mmoja amejaa kafuri, mwingine sineoli, ile harufu ya mkaratusi, mwingine pineni inayonukia msonobari. Tena mbegu zenyewe huota kwa shida.

Maabara huchukua kipande cha shina chenye kifundo, hukisafisha kwa spiriti na jiki iliyopunguzwa makali, kisha hukisimamisha kwenye chupa yenye chakula kilichogandishwa kwa aga, unga wa mwani unaogandisha maji. Humo mna chumvi za madini, vitamini, sukari gramu 30 kwa lita na homoni kidogo ya kuchipuza. Vipimo vya chumvi hizo vilitolewa na wanasayansi Murashige na Skoog mwaka 1962, na hadi leo maabara nyingi zinavifuata. Machipukizi hukatwa na kupandwa tena kila baada ya wiki kadhaa, na kila mche huwa nakala ya mama.

Hapo ndipo penye hatari. Ukinakili mama hafifu mara elfu kumi, umejipatia shamba zima hafifu. Kabla hujapeleka tawi maabara, keneka kwa mvuke majani ya kila mche unaoupenda, kila mmoja peke yake, yaani yapitishie mvuke kisha uupoze, upime mafuta yaliyotoka. Ukipata chuo chenye mashine ya kromatografia ya gesi, ile inayotenganisha viambato vya mafuta, wakusomee kilichomo. Nakusihi usiiruke hatua hii.

Na mchaichai, ninunue miche ya tishu, hiyo ya maabara? (Bukoba)

Hapana. Gawa shina ulilonalo, kisha panda vipande vyake. Fedha hiyo iweke kwenye mtambo wa kukeneka.

Tunalima mrehani wa kafuri kando ya msitu. Nasikia wataalamu wanakuza seli tupu kwenye tangi wapate mafuta bila shamba. Sisi tutabaki na nini? (Kakamega)

Mtabaki na shamba lenu. Chukua jani la mrehani huo, liinamishe kwenye mwanga na ulitazame kwa lenzi: utaona vitone vinavyong'aa vimekaa juu ya ngozi ya jani. Hivyo ni vitezi, na humo ndimo mafuta yanamotengenezwa na kuhifadhiwa. Ukilifikicha jani unavipasua, ndiyo maana mkono unabaki ukinukia.

Seli zilizokuzwa bila umbo, lile bonge liitwalo kalusi, hazina vitezi. Kwa kawaida mafuta yake ni haba mno au hayapo kabisa, na yakizidi huzidhuru seli zenyewe. Chipukizi kamili ndani ya chupa hunukia, kwa kuwa lina majani, lakini huwezi kujaza pipa kwa majani ya chupani. Kikundi cha wakulima wa Muliru, hukohuko kwenu, kimekuwa kikiulima mmea huu na kukeneka mafuta ya dawa ya kuchua, wakisaidiwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi. Kipato kile kinaupunguzia msitu mzigo, na kwangu hilo lina thamani kuliko tangi lolote.

Miche yangu ilitoka chupani ikiwa kijani kibichi. Siku ya tatu yote imelala. (Morogoro)

Ndani ya chupa hewa imejaa unyevu, kwa hiyo nta ya jani huwa nyembamba na vitundu vyake vya kupumulia havifungi vizuri. Ukiutoa mche juani hunyauka hata kama udongo umelowa. Osha aga yote mizizini kwa maji vuguvugu, maana sukari iliyobaki huvuta ukungu. Panda kwenye mchanganyiko mwepesi, funika kwa nailoni angavu kivulini, uwe unafungua kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne. Mche uliovimba na kupitisha mwanga kama kioo ukatae palepale maabara.

Mikarafuu nayo inakubali? (Chake Chake)

Kwa taabu sana. Ukiikata hutoa fenoli, kemikali za mmea zinazogeuka kahawia na kukiua kipande, hata ukitia makaa au vitamini C kuzipunguza. Pandeni mbegu mbichi, zikikauka hufa.

Mwanangu ana mafua. Nimpe tone la mafuta ya mrehani wa kafuri? (Mombasa)

Hapana, mama. Usimnyweshe na usimpake puani. Kafuri ikimezwa, hata kidogo, inaweza kumletea mtoto degedege kwa muda mfupi tu. Ikiwa ameshameza, usimtapishe. Mkimbize hospitali na uichukue chupa ili daktari aione.